Orodha ya Damodara

Karatasi ilikunjwa mara nne, imelainika kama leso.
Bi Girija alinikabidhi kabla hajafunga mkanda.
"Mahali saba," akasema, kwa Kihindi tulichopatanisha:
changu nilikiokota Ruwi, kwenye kubembeleza bei za vitambaa,
chake kimejifunzwa uzeeni, maana kwao Malpe ni Kitulu.
"Kayaandika mwenyewe, mume wangu. Anza juu."

Nikaanza juu.
Hekalu la Maskati kongwe, nyuma ya jumba la Sultani.
Alivua ndara akaniachia nizilinde,
kana kwamba mji mzima unazitamani.
Nikakaa nje. Kengele ikalia mara moja, nyepesi,
ikatoka harufu ya samli, na nyuma yake asumini,
ileile anayoitungia vikuba mama yangu kule Maabela,
kwenye kibaraza cha saruji kisicho na kivuli,
akiapa kwamba ya Unguja inanukia zaidi.
Ya Unguja sijawahi kuinusa.
Nimeikubali hivyohivyo.

Kisha chetezo cha Riyamu, kile cheupe, kikubwa kuliko nyumba,
kimekaa juu ya jabali kama kimesahauliwa na jitu.
"Hutiwa moto lini?"
"Hakitiwi, bibi."
"Damodara aliandika: kila Ijumaa
udi wake unanifikia mpaka kitandani."
Nilijitia kuangalia kioo cha pembeni.

Soko la samaki, Matrahi. Hapo alikuwa kwao.
Alifunua shavu la nguru, akalibonyeza kwa kidole,
akamsukuma samaki wa watu: "Wa juzi huyu."
Muuzaji akaniuliza kwa Kiarabu nimemtoa wapi.
Nikamwambia: baharini.

Kurumu jua lilikwisha panda.
Aliingia na sari yake hadi magotini,
akasimama kama mtu aliyefika mlangoni akakuta kufuli.
Akarudi. Akakamua pindo. Akakaa juu ya mchanga.
"Hapa kaandika anaogelea hadi kwenye maboya."
Kimya.
"Mwana wa mvuvi, na kisima tu alikiogopa.
Nilikuwa nikimwagia maji ya kuoga mimi."
Kimya kingine, kirefu.
"Miaka kumi na tisa. Unadhani alipewa Ijumaa ngapi?"

Sikudhani. Niliwasha gari.
"Nipeleke kwa dobi," akasema, "Wadi Kabiri."
Dobi hakumo kwenye orodha.

Siku hizi pale wanauza vioo vya simu.
Kijana wa dukani hakujua lolote la pasi wala wanga,
lakini ukutani, nyuma ya kabati, bomba la mvuke lipo,
limepakwa rangi pamoja na ukuta.
Bi Girija aliligusa kwa nyuma ya mkono,
kama mtu anavyopima homa.

Tukapita uchochoroni. Ghorofa ya pili, dirisha la kona:
chumba chake na wenzake tisa.
"Barua ya kwanza kabisa," akaniambia,
"alisema: nikilala, bahari naisikia."
Bahari iko nyuma ya majabali mawili na barabara kuu.
Tukasikiliza.
Viyoyozi kumi na vitatu (alivihesabu) vimeng'ang'ania ukuta,
vinavuta pumzi, vinanguruma, vinashusha,
maji yakidondoka kwenye ndoo, kwenye bati, kwenye ndoo.
Akafumba macho.
"Ndiyo hii," akasema.
Hakucheka. Hakulia pia.
"Ina mawimbi. Hakunidanganya sana."

Nikamkumbusha: tatu zimebaki.
Ghuba ya Kantabu, ngome, na mawaridi ya Jabali Akhdhari,
ingawa hayo ni mwendo wa zaidi ya saa mbili na bado hayajachanua.
Alikuwa anakunja karatasi, mara moja, mara mbili,
kwa mikunjo yake ya zamani.
"Hizo ameshanionesha," akasema.

Akanilipa za mahali saba.
Nikajaribu kumrudishia riali sita.
Akazisukuma kwa kidole kimoja,
kama alivyomsukuma yule nguru.